Mama Nukta na Sheria ya Waliopotea

Viongozi wetu wa dini, majirani, ndugu wa pande zote mbili, na ninyi wenzake marehemu wa Tume ya Kurekebisha Sheria ambao mmekuja wengi hadi tukaazima viti mtaa wa pili, familia inawashukuru kwa kufika, nayo imemtuma mtoto wa kwanza wa mdogo wake wa kiume asimame mbele yenu na kuwasomea, kwa niaba ya wote, maisha ya mpendwa wetu, ambaye nyumbani aliitwa Shangazi hata na wale ambao hakuwa shangazi yao, na kazini akaitwa Mama Nukta, jina ambalo mtalisikia lilikotoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1955, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho kwenye safu, ile ambayo vikombe viligongana kabatini kila treni ya mizigo ilipopita, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mshika bendera wa stesheni na mama fundi cherehani, na mwaka 1959 akazaliwa mdogo wake wa kiume, na baada ya hapo mama yao hakupata mtoto mwingine, kwa hiyo wakakua wawili tu, dada akiwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, na mdogo akiwa mtu wa kusikiliza, kucheka kidogo na kufanya mambo yake polepole.

Kuhusu elimu, alianza darasa la kwanza mwaka 1962 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, ambako walimu walimkumbuka kwa swali moja, kwamba akiambiwa wasichana wafagie na wavulana wapumzike, aliuliza imeandikwa wapi, na akijibiwa kwamba haikuandikwa popote aliweka ufagio chini, jambo lililompatia viboko kadhaa na heshima nyingi, kisha mwaka 1969 akaingia sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1975 akachaguliwa kusomea sheria chuo kikuu. Alikuwa mwaka wa pili chuoni baba yao alipofariki, Februari 1977, na siku ya nne baada ya maziko alikwisha funga sanduku lake akisema hatarudi tena masomoni, lakini mdogo wake, aliyekuwa amebakiza miezi tu amalize sekondari, alikwenda bila kumwambia mtu akajiandikisha kwa fundi mmoja kujifunza udereva wa malori, aliporudi akalifungua lile sanduku akazitundika nguo za dada yake ukutani, akamwambia mama yao kwamba nyumba hii inahitaji mtu mmoja wa kusoma na mmoja wa kuendesha, na yeye kusoma kunamchosha macho. Haikuwa kweli kwamba kusoma kulimchosha macho, na dada yake alilijua hilo maisha yake yote.

Alihitimu mwaka 1978, akaajiriwa mwaka uliofuata kuwa wakili wa serikali, na katika kazi hiyo, mwaka 1982, alimhoji mahakamani mpima ardhi mmoja kijana kuhusu mpaka wa viwanja viwili, akamhoji mpaka kijana wa watu akatoa leso akajifuta shingo, na wiki iliyofuata yule mpima akaja ofisini kulalamika kwamba alidhalilishwa, akakaribishwa kiti, malalamiko yakaendelea kwa mwaka mzima, na tarehe 17 Desemba 1983 wakafunga ndoa. Mume wake yupo hapa mbele yetu, na ametutuma tuseme kwamba kesi ile hajawahi kuishinda. Walijaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa mwaka 1985, ambaye ni muuguzi, na wa kiume aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye ni mhandisi wa maji.

Mwezi Julai 1986 alihamia Tume ya Kurekebisha Sheria, ambayo wakati huo ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la ofisi ya vipimo na mizani, juu ya chumba cha mawe ya kupimia, na kwa kuwa wengi wetu humu hatukuwahi kuelewa alikuwa akifanya nini huko, tuseme kwa lugha ya kawaida kwamba kazi ya Tume ni kuzisoma sheria zilizopo, kuwauliza watu zinawabana wapi, kisha kupendekeza kwa serikali na bunge zibadilishwe vipi, bila kungoja mkubwa yeyote awanong'oneze cha kuandika. Huko ndiko alikopewa jina la Mama Nukta, kwa sababu kijana akimletea rasimu ya kifungu kisicho na mwisho, alimrudishia na kumwambia kwamba sentensi hii mtu ataingia kijana atoke mzee, aweke nukta. Alishiriki kufuta sheria nyingi zilizokwisha poteza maana, na iliyomfurahisha kuliko zote ni ile kanuni ya zamani iliyokataza kuanika nguo upande wa nyumba unaotazama reli, ambayo mama yake mzazi alikuwa ameivunja kila Jumamosi kwa miaka thelathini, na alipompelekea habari kwamba sasa ameruhusiwa, mama alimwambia asingojee shukrani kwa kitu ambacho hakuwahi kunyimwa.

Ndugu waombolezaji, sasa tunafika kwenye jambo ambalo familia ilijadiliana kama lisomwe au liachwe, na wifi wa marehemu, yaani mke wa yule mdogo wake, akasema lisomwe lote.

Mdogo wake aliendesha malori kwa miaka ishirini, na madereva wenzake walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari, na tarehe 22 Aprili 1998, wakati wa mvua kubwa, daraja alilokuwa akilivuka lilikatika, lori likaingia mtoni, mwili wa utingo wake ukapatikana siku ya pili, lori likatolewa baada ya wiki, na yeye hakuonekana. Aliacha mke na watoto watatu, mkubwa akiwa na miaka kumi na minne. Sheria ya wakati huo ilisema kwamba mtu ambaye mwili wake haujaonekana hahesabiwi kuwa amefariki mpaka ipite miaka saba bila habari zake, na katika miaka hiyo hakuna mtu mwenye kazi ya kuuliza kilichompata, kazi ni kungoja tu. Wifi wa marehemu hakuwa mjane na hakuwa na mume, ofisi ya ardhi ilimtaka alete saini ya mwenye nyumba, mwajiri alimtaka alete cheti cha kifo, na shule ilipotaka baba wa mtoto aje kikaoni, alikaa akatafuta neno la kuandika mahali pa jina la baba, asilipate.

Mama yao naye, bibi yetu fundi cherehani, hakukubali. Kwake mwanawe alikuwa amepotea, na aliyepotea hupatikana, na hoja yake ilikuwa moja, kwamba Taratibu hakuwa mtu wa kuingiza gari kwenye daraja lililofurika, kwa hiyo ama hakuwemo garini, ama kuna kitu hawakuambiwa. Mtu akiteleza ulimi akamwita mwanawe marehemu, bibi alisimamisha cherehani, akangoja mpaka mtu huyo aseme upya.

Mwaka 2000, baada ya mahakama mbalimbali kulalamika kwa muda mrefu, Tume ilifungua mradi wa kuipitia sheria hiyo, na asubuhi ya kikao cha kwanza Mama Nukta alikwenda kwa mwenyekiti, jaji mstaafu aliyekuwa mkali wa taratibu, akamweleza habari za mdogo wake na kuomba aondolewe. Jaji alifikiri, akamwambia afanye utafiti kama wengine, aende akawasikilize watu, lakini likija suala la kama sheria mpya iwaguse na wale waliopotea kabla haijatungwa, atoke nje, asishike kalamu wala asifungue mdomo. Alizunguka wilaya kwa wilaya kwa miezi kumi na mmoja, akakaa katika kumbi za shule na ofisi za kata, akasikiliza wake wa wachimba migodi waliofukiwa, wazazi wa abiria wa vivuko, na mwanamume mmoja fundi saa ambaye mkewe alikwenda sokoni siku soko lilipoungua, asirudi, naye hakuwa akitaka cheti wala nyumba, alitaka tu ofisi yoyote ya serikali imwambie imemsikia.

Kikao cha kile kifungu kilipofika, alitoka akakaa kwenye benchi la ukumbini, na mhudumu wa ofisi, ambaye amefika hapa leo, anasimulia kwamba alimpelekea chai ikapoa, akampelekea nyingine nayo ikapoa, na mlango ulipofunguliwa wajumbe walipita wakimsalimia bila kumwambia kitu, kwa sababu hawakuruhusiwa, akaja kusoma uamuzi wao kwenye rasimu kama mtu mwingine yeyote, kwamba sheria itawagusa wote, wa zamani na wa mbele. Sehemu aliyoiandika yeye kwa mkono wake ilikuwa nyingine, iliyosema kwamba mahakama haitamtangaza mtu kuwa amefariki mpaka iwaite walioshuhudia tukio, na mpaka jamaa wa karibu asiyekubaliana apewe nafasi ya kusikilizwa, na wenzake walipomwambia kwamba hiyo itachelewesha kesi, alishikilia hapo hapo, akawaambia anamjua mtu ambaye hatakubali.

Ripoti ilipofika wizarani, maneno yakaanza, kwamba kuna ofisa wa Tume anayetunga sheria kwa ajili ya nyumba ya mdogo wake, na mkubwa mmoja akapiga simu kuagiza kile kifungu cha waliopotea zamani kiondolewe, la sivyo ripoti nzima italala kabatini. Mama Nukta aliandika barua ya kujiuzulu akaipeleka kwa mwenyekiti kabla ya saa nne. Jaji aliisoma amesimama, akamrudishia.

"Ukiondoka, watasema ni kweli," alimwambia. "Na kifungu hukukiandika wewe, tumekiandika sisi. Kaa."

Kisha akamjibu mkubwa yule kwa maandishi, kwamba serikali ina haki ya kuyakataa mapendekezo ya Tume mbele ya watu wote na kutoa sababu, ila haina haki ya kuyaandika, na akaambatanisha kumbukumbu za kikao zinazoonyesha nani alikuwa ndani na nani alikuwa nje. Simu haikupigwa tena, lakini ripoti ililala kabatini kweli, mwaka mzima na zaidi, mpaka mbunge mmoja mama aliyepoteza mtoto katika kivuko akasimama bungeni kuuliza iko wapi. Sheria ilipitishwa Agosti 2002, ikawaruhusu jamaa kwenda mahakamani bila kungoja ile miaka saba.

Januari 2003 wifi yake alikwenda mahakamani kuomba mumewe atangazwe kuwa amefariki, na tangazo lilipobandikwa, jirani mmoja akamsomea bibi, naye bibi akafunga cherehani, akavaa viatu, akaenda mpaka ofisini kwa bintiye, akapanda ngazi mwenyewe, na mbele ya wafanyakazi wenzake akamuuliza.

"Umemaliza kumwandikia mdogo wako kifo?"

Mama Nukta alisimama.

"Mama, sikuandika kwamba amekufa," alisema. "Niliandika kwamba mkewe anaruhusiwa kuuliza. Na wewe unaruhusiwa kukataa. Nenda ukakatae, watakusikiliza."

Bibi aliondoka bila kuaga, na hakumsemesha bintiye kwa wiki tisa, na kila Jumapili bintiye alikwenda kwake vile vile, akakaa kwenye kiti cha wateja, wakashinda pamoja, mmoja akishona, mwingine akikunja vitambaa. Lakini siku ya kesi, tarehe 2 Aprili 2003, bibi alikuwa wa kwanza kufika mahakamani, ameandikisha pingamizi lake, naye hakimu, kama sheria ilivyomtaka, akampa nafasi kwanza, na bibi akazungumza muda mrefu bila kukatizwa, akaeleza mwanawe alivyotembea akiwa mtoto, alivyochagua kuacha shule, alivyoendesha, na akamaliza kwa hoja yake ile ile, kwamba mtu huyu hawezi kuingia kwenye daraja lililofurika.

Baada yake aliitwa mlinzi wa kizuizi cha daraja, ambaye kwa miaka mitano hakuna mtu wa serikali aliyekuwa amemuuliza lolote, akaeleza kwamba siku ile maji yalikuwa bado chini ya daraja, magari mengine mawili yalikuwa yamepita salama, na wimbi la maji lilikuja kutoka juu ghafla, lori likiwa katikati, likagonga nguzo. Bibi aliomba kumuuliza swali, na hakimu akamruhusu.

"Alikuwa na haraka?"

"Hapana, mama," mlinzi alisema. "Alisimama kwanza. Akashuka, akayatazama maji, akaniuliza nayaonaje, nikamwambia yako sawa. Akanipungia mkono ndipo akaingia, polepole, mpaka nikashangaa. Nilimwona mpaka mwisho. Hakutoka garini."

Bibi aliitikia kwa kichwa, akamshukuru mlinzi, akakaa. Hakimu alipomuuliza kama anaendelea na pingamizi, alisema haendelei, ila aandikwe kwamba mwanawe alisimama kwanza, na hakimu akaandika, na maneno hayo yamo katika uamuzi wa kesi ile mpaka leo. Nje ya mahakama, chini ya ukuta uliokuwa na kivuli kidogo, alimshika bintiye mkono kwa mara ya kwanza tangu Januari.

"Mbona hakuna aliyeniambia hayo miaka yote?"

"Hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza, mama."

"Sasa yupo?"

"Sasa yupo."

Tangu siku hiyo bibi alilia kama watu wengine wanavyolia, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla, na ikachukua muda, lakini wifi wa marehemu alipochumbiwa mwaka 2006 na mwalimu mmoja mjane, na akaogopa kulipeleka jambo hilo kwa mama mkwe wake, ni Mama Nukta aliyekwenda kulisema, na bibi akauliza mwalimu huyo ni mtu wa namna gani, akajibiwa, kisha akatoa kamba yake ya kupimia shingoni akamwambia mkamwana wake asogee, na gauni la harusi ile akalishona yeye. Bibi alihamia kwa bintiye mwaka 2008, wakaishi pamoja wakibishana kuhusu chumvi na taarifa ya habari mpaka alipofariki Oktoba 2011.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2015 akiwa katibu msaidizi wa Tume, baada ya miaka ishirini na tisa, na alikataa sherehe kubwa, akataka chai tu na wale vijana aliowarudishia rasimu, ambao wengine sasa ni majaji. Hatutasema kwamba alikuwa mtu rahisi. Alikuwa mgumu, alikatiza watu, alisahau siku za kuzaliwa za watoto wake mwenyewe akakumbuka tarehe za kuanza kutumika kwa sheria, na alimkosoa msomaji huyu sarufi siku ya harusi yake, akiwa ameshika kipaza sauti. Ila hakuna mtu aliyemwendea na shida akaambiwa ngoja.

Aliugua figo kuanzia Machi 2021, akatibiwa kwa kusafishwa damu mara mbili, baadaye mara tatu kwa wiki, na hata huko alipewa fomu ya ridhaa ya matibabu akaisoma mpaka mwisho, wagonjwa wengine wakingoja, akaomba kalamu na kurekebisha sentensi mbili, na daktari wake anasema fomu wanayotumia sasa katika wodi ile ni hiyo iliyorekebishwa. Mwaka huu hali ilibadilika, na mnamo Oktoba, baada ya kuzungumza na mumewe na watoto, aliamua mwenyewe kuacha mashine, akarudi nyumbani, na wifi yake akahamia chumba cha pembeni kumuuguza. Siku ya mwisho aliomba kitanda kisogezwe dirishani, akauliza kama mumewe amekula, akaambiwa amekula, na akafariki saa tisa alasiri, Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, wifi yake akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, na watoto watatu wa mdogo wake aliowahesabu siku zote kuwa ni wake.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliomvumilia mgonjwa mwenye maswali, majirani walioleta maji, moto na mikono yao tangu Jumanne bila kuitwa, mwajiri wa mwanawe aliyetoa gari, na Tume ya Kurekebisha Sheria, wa zamani na wa sasa, pamoja na Jaji, ambaye kwa umri wake hakuweza kusafiri, akatuma neno kwamba alikuwa na bahati ya kufanya kazi naye. Wa mwisho tunamshukuru wifi yake, ambaye msomaji huyu anamwita mama, na ambaye jana usiku ule wa mkesha aliulizwa na mgeni mmoja kwamba marehemu alikuwa nani wake, maana kwa hesabu ya ndoa alikwisha toka katika ukoo huu miaka kumi na minane iliyopita, naye akamjibu mgeni kwamba ni wifi yake.

Shangazi, tumekusoma mbele ya watu kama ulivyokuwa. Lala, upumzike kwa amani.